Magari ya Umeme ya Kifahari: Bei Zimeporomoka, Ila Kilomita Ndo Habari

REHEMA: Karibuni tena jamani, ni Rehema hapa na kaka yangu Baraka. Leo magari ya umeme, yale ya bei kali. Baraka toka hatujawasha maiki unalalamika, haya sema.

BARAKA: Bei dada, bei! Tesla Model S Plaid, mwanzoni mwa 2023 ilikuwa dola 135,990. Januari hiyohiyo wakaishusha mpaka 114,990, kufika Septemba ni 89,990. Yani aliyenunua Desemba, miezi tisa tu baadae mwenzake anachukua gari lilelile kwa dola 46,000 pungufu, na la kwake akitaka kuuza limeshaporomoka maana nani atanunua yuzdi kwa bei inayozidi mpya?

REHEMA: Inauma kwakweli. Mi nawaonea huruma, hao wa kwanza ndo walioubeba huu usafiri.

BARAKA: Eeh, ila betri nazo zimeshuka sana. BloombergNEF, wale watafiti wa soko la nishati, walisema 2024 wastani wa bei ulikuwa dola 115 kwa kilowati-saa, yani kile kipimo cha umeme unaobebwa na betri, chini kwa asilimia 20 kwa mwaka mmoja tu.

REHEMA: Sasa hapo ndo nilipotaka tufike. Watu wakisikia betri zimeshuka wanadhani dawa ni kurundika betri kubwa zaidi. Mercedes EQS ilianza na kilowati-saa 107.8 ikaja kuongezewa mpaka 118. Halafu angalia Lucid Air Pure ya 2025, betri yake 84 tu na kwa vipimo vya EPA, shirika la mazingira la Marekani, inaenda maili 420, kama kilomita 676 hivi, na bei ilianzia dola 69,900. Kilomita nane kwa kila kilowati-saa! Kwangu mimi huo ndo ufahari wenyewe, sio skrini tatu kwenye dashibodi.

BARAKA: Na siri yake ni mota ndogo nyepesi, umbo linalopasua upepo vizuri, uzito kidogo... betri ikipungua uzito, breki na springi nazo hazihitaji kuwa nzito, kila kitu kinafuatana. Japo ukikanyaga sana kwenye barabara kuu hizo 676 huzioni, upepo unakula, na baridi nayo inakula.

REHEMA: Na volti je? Kila mtu siku hizi ni volti 800, volti 800.

BARAKA: Porsche Taycan ndo ilikuja nayo 2019. Iko hivi, ukiongeza volti mara mbili, nguvu ileile inapita kwa mkondo wa nusu, joto kwenye waya linabaki robo, so unasukuma umeme mwingi bila kuunguza kitu. Taycan ya 2024 chaji inatoka asilimia 10 kwenda 80 kwa dakika 18, kwenye chaja ya kilowati 320, yani kilowati ndo kasi ya umeme kuingia.

REHEMA: Lakini sio chaja zote zina volti hizo!

BARAKA: Hapo sasa! Lucid Air ikiwa kwenye chaja ya volti kubwa inavuta mpaka kilowati 300, ukiipeleka kwenye Supercharger, zile chaja za Tesla zenye volti ndogo, inaishia 50. Hamsini! Gravity, ndugu yake, inatumia mota ya nyuma kupandisha volti, hapohapo inavuta mpaka 225.

REHEMA: Kwahiyo ukienda kununua, usiulize tu inachaji haraka kiasi gani, uliza kwenye chaja zilizopo njia unayopita wewe.