Gari Lako Ndilo Linalomfukuza Mteja Wako

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote. Mwaliko unasema nizungumzie athari za ada ya maegesho ya kaunti kwa biashara za mji wetu wa Mombasa, na najua wengi mmekuja mkingoja niseme ada ishushwe, mpige makofi, twende tukanywe chai. Sitasema hivyo. Ada ikikatwa nusu kesho asubuhi na mengine yote yabaki kama yalivyo, Biashara Street haitauza hata leso moja zaidi. Kinachotuumiza ni kutoza kwa siku.

Tupige hesabu. Chukueni shilingi 200. Sisemi ndiyo ada, ni namba nyepesi tu ya kuhesabia. Anayeegesha saa mbili asubuhi na kuondoka saa kumi na mbili jioni amekaa saa kumi, kwa hiyo kila saa imemgharimu shilingi 20. Mama aliyetoka Kisauni kununua doti mbili za leso na kurudi garini baada ya dakika 20 amelipa zile zile 200. Kwa kipimo cha saa, huyo amelipa kwa kiwango cha shilingi 600. Mara 30 ya yule aliyelala kutwa! Sasa niambieni, kati ya hao wawili, nani ameleta pesa barabarani kwenu?

Na yule aliyelala kutwa ni nani? Naona mnatazamana. Ni mwenye duka. Ni karani wake, ni wakili wa ghorofa ya juu, ni mhasibu wa jengo la pili. Hawa hufika kwanza kwa sababu kazi zao zinaanza kabla ya wateja kuamka, wanachukua nafasi za mbele kabisa, wanalipa kwa simu mara moja, basi. Saa nne mteja anapokuja anakuta barabara imejaa na maduka hayana watu. Anazunguka mara mbili, anatokea Barabara ya Digo, anakwama nyuma ya matatu, anakwenda zake kununua Nyali.

Nendeni na hesabu mbele kidogo. Barabara yenye nafasi 40, saa kumi za kazi. Mteja wa dakika 20, mpe na dakika kumi za kuingia na kutoka, maana mwingine akirudi nyuma mpaka apigiwe mluzi. Hiyo ni nusu saa kwa kila mmoja, kwa hiyo nafasi moja inaweza kuhudumia magari 20 kwa siku. Nafasi zote 40 ni magari 800. Zikilaliwa 28, zimebaki 12, ni magari 240. Gari lako moja, Bwana, uliloliweka mbele ya duka lako ili ulione ukiwa kaunta, limechukua pahala pa wateja 20. Sawa, wasije wote, waje kumi. Kila mmoja akuachie faida ya shilingi 150, hiyo ni 1,500 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni 39,000 kwa mwezi. Halafu unanifuata kulalamikia ada!

Si jambo geni hili. Mita ya kwanza ya maegesho duniani, ile ya kutumbukiza sarafu ununue muda wa kuegesha, iliwekwa Oklahoma City, Marekani, Julai 1935, na wa kwanza kulalamika kabla ya mita walikuwa wenye maduka: wafanyakazi wa mjini walikuwa wakilaza magari mbele ya maduka kutwa nzima. Mita ikawekwa upande mmoja wa barabara, senti tano. Watu walipiga kelele, kama mnavyopiga ninyi. Lakini upande wenye mita nafasi zikawa zinapatikana, na wenye maduka wa upande wa pili wakaanza kuuliza, zetu mbona hazijaja? Angalieni walichotozwa: muda.

Sasa atasimama mtu aseme, "Wateja wangu hawana magari, wanakuja kwa miguu na matatu, wengine wanavuka feri." Kweli kabisa. Kwa maduka mengi ya mji huu ndivyo. Lakini basi usiseme ada ya maegesho imekuulia biashara. Chagua moja. Ukweli ni kwamba ada hii inakufikia kwa mlango wa nyuma, kupitia anayekuletea mzigo na anayenunua jumla.

Hapo ndipo napingana hata na wenzangu wanaotaka kila kitu kiwe kwa saa. Mchukueni mwenye duka wa Ukunda au Mariakani anayekuja na gari lake la Probox. Anaanzia Biashara Street kuchukua korija tatu za leso, anapita soko la Marikiti kwa viungo, anamalizia soko la Kongowea. Kwa huyu tikiti ya siku ni rahisi: analipa mara moja, anasimama mara tatu. Ukimtoza kwa saa kila kituo, na kila kituo anangoja hamali amalize kupakia, umemwongezea gharama mnunuzi wako mkubwa. Ndiyo maana nasema ziwe tikiti mbili. Saa ya kwanza bei ya chini kabisa, ya pili ipande, ya tatu ipande zaidi, kwa barabara za rejareja. Kando yake kuwe na tikiti ya mzigo ya siku nzima, ambayo hairuhusu kukaa kituo kimoja zaidi ya dakika 45. Asiyetembea si mnunuzi wa jumla, amekuja kulala.

Na msiogope kwamba bei ya saa lazima ipande kila pahala. San Francisco walianza 2011 kubadilisha bei barabara kwa barabara kulingana na magari yanavyojaa, na barabara zilizokuwa na nafasi tupu bei ilishuka. Kwetu, bei ya mbele ya Marikiti na ya kichochoro ambacho hata paka hapiti, kwa nini ziwe sawa?

Lakini haya yote kaunti itayakataa kwa neno moja: ushahidi uko wapi? Mkienda na kelele mtarudi na kelele. Nendeni na hesabu, na hesabu hii haihitaji mtaalamu wa kulipwa. Karatasi, kalamu, watu wawili, kila mmoja upande wake wa barabara. Kila mstari ni nafasi moja, kila safu ni nusu saa, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni. Mnapita, mnaandika tarakimu tatu za namba ya gari. Herufi za mwanzo achaneni nazo, zinafanana, mtachanganya. Gari lile lile likiwapo mzunguko unaofuata, weka vema. Pakiwa tupu, weka kistari. Pakiwa na jiwe, kreti ya soda au kiti kibovu, weka X. Naam, hizo X mziandike pia, hata kama kreti ni ya binamu yako. Lori au mkokoteni unaoshusha, andika M. Jioni, gari lenye vema sita mfululizo limekaa saa tatu, hilo ni la kulala.

Panapoharibika ni hapa. Mtu anahesabu Ijumaa: saa sita hadi saa nane barabara zilizo karibu na misikiti zinajaa kisha zinamwagika, picha inapotoka. Mwingine anahesabu mwisho wa mwezi peke yake, au Ramadhani, wakati saa za soko zimehama. Chagueni Jumanne na Jumamosi za katikati ya mwezi. La pili, ukipita kila nusu saa hutamwona aliyekuja dakika kumi akaondoka kati ya mizunguko yako, na huyo ndiye mteja tunayemtafuta. Kwa hiyo teueni nafasi tano, mzikalie dakika 60 asubuhi na dakika 60 alasiri, mziangalie kila dakika tano. La tatu, msivae fulana zinazofanana wala vizibao vya kung'aa. Watu watadhani ni kanjo, askari wa kaunti, wataondoa magari, na hesabu yenu itakuwa safi kuliko barabara ilivyo.

Mmenitajia klampu, zile pingu za gurudumu. Ninajua mnavyozichukia, nami nazichukia, ila kwa sababu tofauti. Gari lililofungwa klampu halitoki. Mwenyewe anatafutwa, analipa, anangoja askari arudi na ufunguo, saa tatu zimepita, na nafasi imezibwa na kaunti yenyewe: wateja sita wamepotea ili apatikane mkosaji mmoja. Deni liandikwe kwenye namba ya gari, gari liende. Klampu ziwekewe wale wenye madeni ya kurudiarudia. Nanyi mkilipa kwa simu, someni ujumbe wa uthibitisho kabla ya kushuka garini. Tarakimu moja ikikosewa umelipia gari la mtu mwingine, na aina ya gari ikikosewa utajibishana na askari juani. Ujumbe msiufute mpaka siku iishe.

Muda unaniishia, naona mwenyekiti anatazama saa. Sheria kwa haraka. Maegesho ni kazi ya kaunti, imeandikwa kwenye Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya 2010. Kifungu cha 209 kinairuhusu kaunti kutoza kwa huduma inazotoa, basi ulizeni huduma ni ipi: mistari imepakwa? taa zinawaka? mtaro umezibuliwa? Lakini msijidanganye kwamba pesa ya barabara yenu lazima irudi barabarani kwenu, maana kwa kifungu cha 207 mapato ya kaunti huingia kwenye Mfuko wa Mapato wa kaunti. Na kifungu cha 210 kinasema ushuru wala ada ya leseni haiwekwi, haisamehewi wala haibadilishwi ila kwa sheria. Kwa hiyo acheni kufukuzana na wakubwa kwenye harusi mkiomba mpunguziwe kwa mdomo. Pahala penu ni muswada wa fedha wa kaunti, na kifungu cha 196 kinalitaka bunge la kaunti liwashirikishe wananchi. Wengi wenu huanza kuuliza pale tikiti mpya imeshaanza kukatwa.

La tuktuk na bodaboda nimeliacha, linataka kikao chake, na la malori ya kushusha mzigo usiku pia. Karatasi za kuhesabia ziko pale mezani karibu na birika, kila barabara ichukue nne: mbili za Jumanne, mbili za Jumamosi. Anayechukua aandike jina la barabara yake kwenye daftari la katibu. Na mwenye gari la bluu lililoziba mlango wa hapa chini, hamali wa jirani anaulizia tangu tulipoanza.