Umri Umeshahesabiwa, Msimkate Mzee Mara Mbili

Mlionisikia mwaka jana mnajua ninakoelekea. Nitalirudia hadi zibadilike fomu zetu za kukadiria nishati anayohitaji mzee kwa siku: msimpunguzie chakula mara mbili kwa sababu ya umri.

Chukueni mama wa miaka 78, uzito kilo 60, urefu sentimita 155. Kanuni ya Mifflin-St Jeor ya mwaka 1990, inayokadiria nishati kwa uzito, urefu, umri na jinsia, inampa kilokalori kama 1,018 kwa siku akiwa amepumzika. Sawa. Sasa mpimaji anaziona mvi, anazidisha kwa 1.2, kizidishio cha shughuli cha mtu wa kukaa tu, anapata kama 1,220. Hakumuuliza chochote! Kumbe mama huyu anafagia, anapanda ngazi, anashinda akikimbizana na wajukuu. Kwa 1.55, kizidishio cha mwenye shughuli za wastani, angepata kama 1,580. Zaidi ya kilokalori 350 zimefutwa. Huo ni mlo.

Mtaniambia umetaboli, yaani kasi ya mwili kutumia nishati, hushuka uzeeni. Hushuka, nani amekataa? Utafiti wa mwaka 2021 uliopima watu zaidi ya 6,400 ulionyesha kwamba, ukishazingatia ukubwa wa mwili, matumizi ya nishati hayabadiliki sana kati ya miaka 20 na 60, kisha hupungua kama asilimia 0.7 kila mwaka. Lakini itazameni hiyo kanuni yenyewe: inapunguza kilokalori 5 kwa kila mwaka wa umri. Miaka 78, zimeshaondoka 390! Umri umeshalipiwa. Kizidishio kinauliza jambo jingine kabisa: siku nzima mtu huyu anafanya nini? Ukikiteremsha kwa sababu ya mvi, umemkata mara mbili, na miezi michache baadaye unashangaa nguo zinampwaya.

Tena mzee akitembea umbali uleule na kijana, mara nyingi hutumia nishati zaidi, kwa kuwa hatua zake zimepoteza wepesi. Na mwenye shida ya kumbukumbu anayezunguka nyumba mchana kutwa, naye mtamwandika wa kukaa tu?

Kipimo cha maji yenye alama, kinachofuatilia haidrojeni na oksijeni nzito kwenye mkojo kwa wiki moja au mbili, ndicho bora kwa kujua nishati anayotumia mtu, ila ni ghali. Hatutampima kila mtu. Basi mizani kila wiki, saa ileile. Miguu ikivimba msiiamini mizani, maji huficha nyama iliyopotea.

Protini nilitaka kuigusa, naona naonyeshwa saa. Maswali? Nitaanza na yeyote aliyekuja na fomu ya mgonjwa wake.