Mimea inayolinda ini: swali ni unaitumia lini

Haya jamani karibuni, naingia moja kwa moja maana muda wenyewe hautoshi. Kila nikiongelea ini lazima mtu aniulize, mwalimu, ni mti gani unasafisha ini? Na mimi namrudishia, sumu gani hiyo, na huo mti unaunywa kabla ya sumu au baada? Hapo ndo penye ishu yote.

Sikilizeni. Ini la mtu mzima lina kama kilo moja na nusu, na moja ya kazi zake ni kugeuza kemikali ili zitoke mwilini. Sasa kuna kemikali ambazo zikishageuzwa ndo zinakuwa mbaya zaidi. Chukua kaboni tetrakloridi, zamani watu walisafishia nguo na mpaka kwenye mitungi ya kuzimia moto ilikuwemo, ikifika kwenye ini kuna kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kemikali mwilini, kinaitwa CYP2E1 kinaivunja, inakuwa radikali huru, yaani chembe isiyotulia inayovamia chochote kilicho karibu, na hiyo inashambulia mafuta ya kuta za seli, molekuli moja ikiharibika inaharibu na ya jirani yake, hivyo hivyo mpaka seli inakufa. Paracetamol nayo, ukimeza kipimo sahihi ile sehemu ndogo inayogeuka sumu inadakwa na glutathaioni, kinga ya asili iliyomo ndani ya seli, ukizidisha glutathaioni inaisha, sumu inabaki haina wa kuidaka.

Mmea uliochunguzwa sana ni Silybum marianum, ule wa miiba wenye maua ya zambarau na michirizi myeupe kwenye majani. Mbegu zake zina silimarini, mchanganyiko wa kemikali za mmea huo, inazima radikali, inasaidia kutunza glutathaioni, na kitu ninachokipenda mimi, inaziba milango ambayo sumu nyingine zinapitia kuingia kwenye seli za ini. Ndo maana Ulaya mtu akila uyoga wenye sumu kali uitwao Amanita phalloides wanaweza kumtundikia dripu ya silibinini, ndiyo kemikali kuu ya silimarini, sumu ya ule uyoga inatoka na nyongo inarudi kwenye utumbo inanyonywa tena, kwa hiyo kuziba mlango hata ukichelewa kidogo kuna maana. Na hapo ni hospitali, siyo chai ya mbegu.

Mimea mingine, manjano, mlonge, Phyllanthus, matokeo yake mengi ni ya panya wa maabara. Na mara nyingi panya anapewa dawa ya mti siku kadhaa KABLA, ndo anapewa sumu, halafu wanapima ALT na AST kwenye damu, vimeng'enya vinavyovuja seli za ini zikiumia. Zinakuwa chini kuliko za wenzake, ni kweli kabisa, sipingi. Lakini sisi tunafanyaje? Tunasubiri macho yawe ya njano ndo tunachemsha majani!

Halafu hili linaniuma sana, mtu anasema ni mti tu, hauna madhara. Vidonge vya manjano vilivyokolezwa, hasa vikichanganywa na pilipili manga ili vinyonywe zaidi, vimeshaumiza maini ya watu, na vidonge vya chai ya kijani vilevile, na majani ya comfrey, mmea mwingine wa dawa za asili, yana kemikali ziitwazo alkaloidi zinazoziba mishipa midogo ndani ya ini. Manjano ya kwenye mchuzi siyo hiyo ninayoisema, kuleni bila wasiwasi.

Dada pale mbele ameuliza, aliyezidisha paracetamol apewe nini nyumbani. Asipewe chochote cha kuchemsha, mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo hata kama anaongea vizuri, maana siku ya kwanza anaweza asione kitu kabisa na huku ini linaungua. Dawa yake ipo, inaitwa asetilisisteini, inarudisha ile glutathaioni niliyoisema, na inafanya kazi vizuri zaidi ikianza ndani ya saa 8 tangu ameze, na mkichukua kopo la vile vidonge mwende nalo, daktari atataka kujua amemeza vingapi na saa ngapi.