Nürburgring 1957: Sekunde 3.6 Zisizosema Yote

REHEMA: Karibuni, wasikilizaji. Leo tunayarejea mashindano ya langalanga ya Ujerumani ya tarehe 4 Agosti 1957, yaliyofanyika Nürburgring. Kaka Salim, tusomee matokeo kwanza.

SALIM: Wa kwanza ni Juan Manuel Fangio wa Argentina, mwenye umri wa miaka 46, katika Maserati 250F. Mike Hawthorn alimfuata kwa sekunde 3.6, Peter Collins akawa wa tatu na Luigi Musso wa nne, hawa watatu wote wakiendesha Ferrari, kisha Stirling Moss wa tano katika Vanwall. Anayesoma orodha hiyo peke yake atadhani walikimbizana bega kwa bega tangu mwanzo.

REHEMA: Wala haikuwa hivyo. Ferrari walipanga kumaliza mizunguko yote 22 bila kusimama, ilhali Fangio alianza na nusu tangi ya mafuta ili gari liwe jepesi, awaache mbali, kisha asimame katikati ya mbio kuongeza mafuta na kubadilisha tairi.

SALIM: Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaousifu mpango ule, Dada Rehema. Alipoingia kwa mafundi alikuwa amewatangulia kwa takriban nusu dakika tu, na kazi yao ikachukua zaidi ya dakika nzima. Alirudi barabarani akiwa wa tatu, nyuma kwa sekunde zipatazo 45. Hesabu ilikuwa imekataa.

REHEMA: Nakubali, mpango ulishindwa. Kilichomwokoa ni mguu wake, na pia urefu wa njia yenyewe. Mzunguko mmoja ulikaribia kilomita 23, na kwa kuwa magari hayakuwa na redio, dereva alisoma ubao wa ishara mara moja tu katika kila dakika tisa na ushei. Mwanzoni, tairi zikiwa mpya, Fangio hakuwasogelea, nao Ferrari wakatulia. Mafundi walipogundua kwamba anakuja, onyo lao lilisubiri mpaka vijana wao wamalize kuzunguka milima yote ile.

SALIM: Naye alikuja kweli! Siku za kuwania nafasi za kuanzia, muda bora kuliko wote ulikuwa wake mwenyewe, dakika 9 na sekunde 25.6. Katika mzunguko wa 20 alitumia dakika 9 na sekunde 17.4, kwa sababu kona alizozoea kuzipita kwa gia ya chini alizipita kwa gia ya juu zaidi.

REHEMA: Mzunguko wa 21 akampita Collins, kisha Hawthorn.

SALIM: Ukawa ushindi wake wa 24 katika mashindano ya ubingwa wa dunia, na wa mwisho, uliomhakikishia ubingwa wa tano. Mwenyewe alieleza baadaye kwamba hakuwahi kuendesha gari namna ile, na hakutaka kurudia.