Mwanga Mtulivu Usiotulia

Niwaanzishie majini, maana kisa hiki cha mwanga usiotulia kilianzia huko. Mwaka 1967 Benjamin na Feir, watafiti wa Cambridge, walichapisha habari za mawimbi yaliyotengenezwa kwa mashine katika hodhi refu. Karibu na mashine yalitoka yamelingana kama meno ya chanuo. Mbele huko yalivurugika: hapa limeinuka moja, pale maji yamelala. Ungedhani mashine ni mbovu. Haikuwa na kosa lolote. Wimbi lenyewe ndilo haliwezi kudumu vile.

Sasa tuingie ndani ya uzi wa kioo, huu wa mkongo wa intaneti. Mwanga hafifu hupita humo bila kukibadili kioo. Ukiwa mkali, panapong'aa zaidi ndipo unapopunguzwa mwendo zaidi, kidogo mno. Hiyo ndiyo athari ya Kerr.

Chukua leza inayotoa mwanga sawasawa. Usawa kamili haupo, daima pana kinundu fulani. Kerr huivuta mbele ya kinundu hicho kuelekea wekundu, na nyuma yake kuelekea buluu. (Nasema rangi kwa mazoea tu, mwanga huu jicho halioni.) Limebaki swali moja: nani mwepesi? Katika uzi wa kawaida, urefu wa wimbi la mwanga ukiwa chini ya nanomita 1310 hivi, wekundu ndio mwepesi, basi kinundu kinatandazika na kupotea. Ukivuka hapo, mambo yanageuka. Buluu inakimbia, nyuma inaisonga mbele, mwanga unarundikana, na kinundu kinavyokua ndivyo Kerr anavyozidi kukibana. Na mikongo ya baharini tunaiendesha kwenye nanomita 1550, kwa kuwa huko kioo hupoteza mwanga kidogo kabisa. Upande wa hatari tumeuchagua wenyewe!

Mwaka 1986 Tai, Hasegawa na Tomita, wa maabara za Bell kule Marekani, waliliona jambo hili katika uzi wa kilomita 1. Pembeni mwa masafa ya leza, yaani idadi ya mitetemo yake kwa sekunde, yaliota mengine mapya, huku na huku. Mwanga uliokuwa utepe ukawa shanga.

Mlinganyo unaoeleza mawimbi haya ni uleule, wa maji na wa kioo. Mwaka 1983 Peregrine, mwanahisabati wa mawimbi ya maji, alipata jawabu la ajabu: wimbi linaloibuka kutoka utulivu, likafika mara tatu ya kimo cha wenzake, kisha likatoweka lisionekane tena. Jawabu hilo la maji lilionekana kwanza ndani ya kioo, Ufaransa, mwaka 2010. Hodhi la maji, huko Hamburg, lilifuata mwaka 2011.