Kinywa Ndicho Kinachokosekana: Kwa Wanaokwenda China Kufundisha Kiingereza Majira ya Joto

Bwana Yesu asifiwe. Nianze na makaratasi, maana ndiyo yanayoharibu safari kabla darasa halijafunguliwa.

Viza ya utalii, ile ya herufi L, haikuruhusu kufundisha hata kama hulipwi senti. F ni ya ziara na mabadilishano yasiyo ya biashara, Z ni ya ajira. Barua ya mwaliko ndiyo itakayoonyesha inayokuhusu. Barua isiyosema wazi utafanya nini na wapi irudisheni kabla ya kukata tiketi. Mkilala hotelini, hoteli yenyewe itawaandikisha polisi. Mkilala bweni la shule au nyumbani kwa mtu, mnapaswa kuandikishwa katika kituo cha polisi cha eneo lile ndani ya saa 24. Hapo timu huteleza: wamefika usiku, wamechoka, kila mmoja anadhani mwenzake ameshughulikia. Mteueni mtu mmoja, ashike nakala za pasipoti zote.

Kuhusu imani, tangu kanuni za 1994 mgeni anaweza kusali katika makanisa yanayotambuliwa na kubeba Biblia yake mwenyewe, lakini hatakiwi kutafuta waumini miongoni mwa raia. Begi la Biblia za kugawa liacheni nyumbani. Kiwanda cha Amity pale Nanjing, humohumo China, kinazichapisha tangu miaka ya 1980, sasa hiyo si ni kupeleka karafuu Pemba? Na aliyepanga kujificha nyuma ya chaki ili ahubiri ajue kwamba atakayehojiwa ni mkuu wa shule aliyemkaribisha. Mgeni mwenyewe atapanda ndege aondoke.

Sasa darasani. Watakaa mbele yenu wanafunzi 40, hata 50, ambao pengine wanaijua sarufi kuwashinda ninyi, kwa sababu wameisomea mtihani. Kinachokosekana ni kinywa. Ukisimama kueleza nyakati za vitenzi umepoteza asubuhi nzima.

Fanyeni zoezi la pengo. Karatasi A ina ratiba ya treni yenye saa za kuondoka tu, karatasi B ina saa za kufika tu, na kila mmoja amwulize mwenzake asichokuwa nacho. Madawati mara nyingi hayasogei, basi safu ya kwanza igeuke itazame ya pili, ya tatu itazame ya nne. 50 wamekuwa jozi 25 kwa nusu dakika. Kati yao wasimamishe kitabu kama ukuta. Bila ukuta huo watachunguliana, watanakili, na hakuna atakayesema neno. Dakika nne zinatosha. Ukiwapa 15 watamaliza mapema na kuingia Kichina. Kabla ya kuanza usiulize kama wameelewa, maana wote wataitikia ndiyo. Kusema hapana mbele ya wenzake ni kujiaibisha. Ita jozi moja ionyeshe swali la kwanza.

Matamshi yana mantiki yake. Silabi ya Kimandarini huishia kwenye irabu, au n, ng na r, basi. Kwa hiyo “good” inaweza kutoka “gudu”. Msicheke: nasi tulimpa “bank” irabu akawa benki. Dawa yake ni kuwafanya wafunge midomo kwenye “map”, wahesabu moja kimoyomoyo, kisha waachie bila sauti. “Think” nayo hugeuka “sink”. Mwenye sauti za “thelathini” na “dhahabu” kinywani mwake ana mtaji hapa. Awaonyeshe ncha ya ulimi ikitokeza kati ya meno. Katika majimbo ya Sichuan na Hunan mtakuta n na l zimechanganyika.

“He” na “she” zote kwao hutamkwa “ta”. Sisi wa “yeye” tunalijua kosa hili. Kanuni wanayo tayari, ulimi ndio unaochelewa, kwa hiyo picha za mwanamume na mwanamke, haraka haraka, dakika tatu kila asubuhi.

Usimsahihishe mtu mmoja mbele ya darasa. Andika makosa matano pembeni, uyalete mwishoni bila jina la mtu.

Nanjing na Wuhan Julai ni tanuri, nyuzi 35 na zaidi. Baada ya chakula cha mchana watu hulala kidogo. Msipange kikao saa hiyo. Na mkiandika majina ya wanafunzi ubaoni, chaki nyekundu wekeni kando: jina la mtu aliye hai kwa rangi hiyo huonekana kama kumtakia kifo.