Neno Moja Kwenye Kisanduku cha 24

Mhadhara kwa maveterani na familia zao, Minneapolis

Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, habari za jioni. Walio na makoti mazito wayavue tu, humu ndani kuna joto na mimi sina haraka.

Naanza na mtu wa mji huu huu. Dorsie Willis alikaa hapa Minneapolis miongo mingi akifagia kwenye duka la kinyozi na kuwapiga watu viatu kiwi. Sidhani kama waliomnyooshea mguu walijua kwamba aliwahi kuvaa magwanda. Mwaka 1906 alikuwa katika Rejimenti ya 25 ya Askari wa Miguu, rejimenti ya Weusi, huko Brownsville, Texas. Usiku mmoja wa Agosti risasi zikalia mjini, mhudumu wa baa akafa, na wenyeji wakasema ni wale askari. Hakuna hata mmoja aliyefikishwa mahakamani. Rais Theodore Roosevelt akawatimua 167 kwa mpigo, bila heshima. Jeshi lilikuja kuifuta aibu hiyo mwaka 1972, likaandika kwamba waliachishwa kwa heshima. Hesabuni wenyewe: miaka 66. Wenzake karibu wote walikuwa kaburini. Willis akalipwa dola 25,000, mzee wa zaidi ya miaka 80.

Mtasema hayo ni ya kale. Sawa. Lakini Willis na wenzake walinyimwa. Vijana wetu ninaokaa nao mezani kujaza fomu, wengi hawajanyimwa kitu chochote, kwa sababu hawajaomba hadhi yao ya kuachishwa jeshi ibadilishwe. Karatasi ya kuachishwa iko ndani ya sanduku, sanduku liko chini ya kitanda. Mke hajui. Nyumbani Tanga au Kisii wanajua mtoto wao "alimaliza mkataba". Na huku mtu anaficha, saa inahesabu. Ndiyo maana nimeomba nafasi hii jioni ya leo.

Karatasi yenyewe ni DD 214, ile unayopewa na jeshi siku unapoachishwa. Wengine mnazo mifukoni, nimeziona zimekunjwa mara nne. Zifungueni. Teremka chini mpaka kisanduku cha 24: hapo pana neno linalosema umeachishwa kwa hadhi gani. Cha 27 kina msimbo unaosema kama unaweza kujiunga tena, cha 28 kina sababu ya kuondolewa. Kama ya kwako haina sehemu hiyo, una nakala fupi. Agiza ile kamili kutoka kwenye hifadhi ya kumbukumbu huko St. Louis, kwa fomu SF 180. Wazee waliotumikia zamani wajue kwamba hifadhi hiyo iliungua Julai 1973, na mafaili kati ya milioni 16 na 18 yakateketea, hasa ya jeshi la nchi kavu kabla ya 1960. Ya vijana wa Iraki na Afghanistan hayakuguswa na moto huo, kwa hiyo kisingizio hicho kwenu hakipo.

Hadhi ya juu kabisa ni ya heshima. Chini yake kuna ile inayoitwa ya jumla, chini ya masharti ya heshima. Wengi wanaiona haina neno, mpaka siku wanapokwenda kuomba masomo ya GI Bill, yale maveterani wanayolipiwa na serikali, wakaambiwa masomo yanataka heshima kamili. Ya tatu ndiyo vijana wanaiita OTH, hali isiyo ya heshima. Hizi tatu hutolewa na makamanda kwa makaratasi, hakuna hakimu. Mbili za chini kabisa, ya mwenendo mbaya na ile ya fedheha, hutoka mahakama ya kijeshi peke yake. Wale walioondolewa mapema wakiwa bado wanafunzi mara nyingi hawapewi hadhi yoyote, na hiyo ni habari nyingine.

Sasa kuna uongo mmoja nataka tuuzike hapa hapa. Unaambiwa siku unatoka kambini: usijali, baada ya miezi sita inabadilika yenyewe. Nimeusikia kwa Mkongo, nimeusikia kwa Mkenya, nimeusikia kwa Mmarekani mweupe wa Duluth. Hakuna kitu kama hicho. Haibadiliki baada ya miezi sita wala baada ya miaka 60, muulizeni Willis. Inabadilika ukiomba, nao wakakubali.

Unaomba wapi? Mlango wa kwanza ni bodi ya mapitio, na kila tawi la jeshi lina ya kwake. Fomu ni DD 293, haina ada, na una miaka 15 tangu siku ulipoachishwa. Bodi hii haigusi hukumu ya mahakama kuu ya kijeshi. Ukipita miaka 15, au kesi yako ikiwa nje ya uwezo wao, unakwenda mlango wa pili: bodi ya marekebisho ya kumbukumbu, fomu DD 149. Hapo sheria inasema miaka mitatu tangu ulipogundua kosa au dhuluma, ila bodi inaweza kuusamehe muda huo ikiona haki inadai hivyo. Usiseme umechelewa. Acha wao waseme.

Na hapa pana ujanja kidogo, ujanja halali. Bodi ya mapitio inaweza kukusikiliza mara mbili: kwanza kwa makaratasi, ukikataliwa unaomba usikilizwe ana kwa ana, siku hizi mara nyingi kwa video au simu. Ukianza na kusikilizwa, nafasi ya makaratasi umeipoteza. Lakini zote mbili zinataka uwe ndani ya ile miaka 15. Anayeanza mwaka wa 14 anaweza kujikuta amebakiwa na nafasi moja, maana majibu hayaji kesho. Miezi inapita, na wengi huvuka mwaka.

Tuje kwenye barua. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wetu wanapoanguka.

Sisi tumefundishwa barua rasmi shuleni. Anwani juu, "YAH: KUOMBA MSAMAHA", halafu "kwa heshima na taadhima". Ukimkosea mwalimu mkuu unaandika hivyo, ukimkosea mzee unatuma mtu akuombee radhi. Ni adabu nzuri na siitupi. Lakini kijana mmoja aliniletea barua yake ya bodi, ukurasa mzima, na ukiikamua unapata maneno haya: nilikuwa mdogo, nimejuta, naomba mnisamehe, nahitaji GI Bill nisome uuguzi. Barua ya kutoa machozi. Na bodi haiwezi kufanya nayo kitu. Kuhitaji mafao peke yake kwao si sababu ya kubadilisha hadhi. Wanauliza mambo mawili. Je, jeshi lilifuata taratibu zake lilipokuondoa? Na hata kama lilifuata, je, hadhi uliyopewa ilikuwa ya haki ukiiweka mizani moja na utumishi wako wote?

Nikamwambia, kaa chini, nieleze mwaka baada ya mwaka. Kumbe kabla ya kupelekwa Afghanistan alikuwa na miaka miwili bila kosa hata moja. Kule gari la mbele yake likalipuka. Aliporudi akawa halali usiku, analala alfajiri, anachelewa gwaride la asubuhi. Wakamwandikia mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akaanza bangi ili apate usingizi, mkojo ukapimwa, akaondolewa kwa OTH. Hakuna hata mstari mmoja wa hayo uliokuwa kwenye barua. Nikamuuliza kwa nini hukuandika mlipuko? Akasema, "Mzee, wataona natafuta kisingizio."

Basi sikilizeni. Mwaka 2014 Waziri wa Ulinzi Chuck Hagel aliziagiza bodi za marekebisho ziwaangalie kwa upole maveterani walioharibikiwa kwa sababu ya kiwewe cha vita. Agosti 2017 ukatoka waraka unaojulikana kwa jina la Kurta, ukapanua: bodi zote mbili, na si kiwewe cha vita tu, bali pia jeraha la ubongo, magonjwa mengine ya akili, kubakwa na kunyanyaswa kijinsia. Waraka huo una maswali manne. Ulikuwa na hali hiyo, au lilikupata tukio hilo? Lilikupata ukiwa jeshini? Linaeleza au kupunguza uzito wa kosa lako? Na je, linazidi uzito wa sababu ya kukuondoa? Yule kijana alikuwa na jibu kwa yote manne. Na waraka unasema wazi kwamba maneno ya veterani mwenyewe yanaweza kutosha kuthibitisha kwamba jambo lilitokea. Daktari akiandika, vizuri zaidi. Mwenzako wa kikosi akiandika, au mkeo aliyeona huamki sawasawa, vizuri pia.

Barua ya pili tuliiandika kwa mpangilio wa maswali hayo. Neno "samahani" limo mara moja, karibu na mwisho. Waraka mwingine wa Julai 2018, wa Wilkie, unaruhusu bodi kuangalia umeishi vipi tangu utoke: kazi, watoto, huduma kanisani au msikitini, barua ya mwajiri. Weka hayo yote. Ila yaje baada ya kisa chenyewe. Ni mchuzi, ubwabwa ni kile kilichotokea jeshini.

Kuna jambo la uraia, na hili ni letu hasa. Jeshi lilipoanzisha MAVNI, mpango wa kuandikisha wageni wasio raia wenye ujuzi lililouhitaji, mwishoni mwa 2008, Kiswahili kilikuwa kwenye orodha ya lugha lilizozitaka, na wengine mlipata uraia haraka kupitia magwanda. Sheria inasema uraia uliopatikana kwa njia hiyo unaweza kubatilishwa ukiachishwa katika hali isiyo ya heshima kabla hujatimiza jumla ya miaka mitano ya utumishi wa heshima. Haufutiki wenyewe, lakini mlango uko wazi. Mwenye OTH ambaye utumishi wake haukufika miaka mitano asipeleke makaratasi popote kabla ya kuonana na mwanasheria wa uhamiaji. Mwanasheria hasa, si mimi, wala si yule jamaa wa kujaza kodi.

Na msisubiri bodi ndipo muende VA, idara ya serikali inayohudumia maveterani. VA ina utaratibu wake wa kupima hadhi yako kwa ajili ya mafao, na mwenye OTH anaweza kuomba. Aliyekuwa vitani au aliyedhalilishwa kijinsia jeshini anaweza kupata matibabu ya akili hata kabla bodi haijasema lolote. Mkiambiwa hapana mapokezini, ombeni jibu la maandishi.

Maswali? Ndiyo, mama, wewe wa kilemba cha bluu.

Anauliza mume wake ameshafariki, karatasi anayo, ni OTH, je, imekufa naye?

Haijafa, mama. Mjane anaweza kuomba, na asipokuwepo mjane, ndugu wa karibu. Fomu ni zile zile, unaongeza cheti cha kifo na cheti cha ndoa. Alitoka mwaka gani? 2013? Basi bado tuko ndani ya miaka 15. Pole sana kwa msiba. Ukimaliza chai njoo hapa mbele na ile karatasi, kalamu ninayo.